Kabla hamjanunua AC nyingine ya sava rumu, pimeni kwanza

Ofisi nyingi hapa Dar, kuanzia Posta mpaka Mikocheni, bili ya umeme ikipanda wa kwanza kulaumiwa ni wafanyakazi, mara waambiwe wazime taa wakitoka chooni, mara birika la chai lipigwe marufuku, wakati kale kachumba ka sava mwisho wa korido kanawaka usiku na mchana, Idi na Krismasi, na hamna mtu anayejua kanakula kiasi gani. Sisi tunaofanya ukaguzi wa nishati kwenye majengo hilo ndo swali letu la kwanza kwa watu wa IT, na jibu la kawaida ni kicheko.

Kupima sio kazi kubwa. UPS nyingi za siku hizi (yale mabetri yanayobeba sava umeme ukikatika) zina kioo mbele kinachoonyesha mzigo kwa kilowati, hiyo ichukulie ndo kazi yenyewe, yaani sava, swichi na diski. Halafu mwite fundi umeme aje na mita ya klampu, iwe ile inayosoma kilowati na sio ampea peke yake, apime laini zote zinazolisha kile chumba pamoja na AC zake. Gawa namba kubwa kwa ndogo. Tuseme jumla ni kilowati 8 na sava zinakula 4, umepata 2, maana yake kila uniti moja inayofanya kazi imeburuta uniti nyingine nzima ya kupoza na kupotea njiani. Kipimo hiki kinaitwa PUE, duniani kimezoeleka toka mwaka 2007 hivi, tafiti za Uptime Institute, taasisi inayofuatilia vituo vya data, zinaonyesha wastani umeganda karibu na 1.6 kwa miaka kadhaa sasa na Google wao wanatangaza kama 1.1. Hapo kwenye mfano wetu zile kilowati 4 za ziada ukizidisha kwa saa 8,760 za mwaka unapata uniti 35,040. Zidisha na bei yenu ya TANESCO halafu mpelekee mhasibu, utaona anavyokaa vizuri kwenye kiti.

Sasa umeme huo unaenda wapi? Sehemu kubwa ni AC, na hapa naomba tuelewane maana ndo ugonjwa wa mji mzima. Unaingia chumbani unakuta rimoti imewekwa 16, ukiuliza unaambiwa "sava zinataka baridi". Hazitaki. ASHRAE, chama cha Marekani ambacho miongozo yake ndo inafuatwa na watengenezaji wa sava, kinashauri hewa inayoingia kwenye sava iwe kati ya nyuzi 18 na 27. Tena AC ya kawaida isiyo na inverta, yaani isiyoweza kupunguza kasi ya kompresa, ukiiweka 16 haipozi haraka zaidi, kompresa ni ile ile na nguvu ni ile ile, inachofanya ni kutopumzika, na kwa unyevu wa Dar inakamua maji hewani mpaka unakuta ndoo imetegwa chini yake, umeme wote huo umetumika kukausha hewa ambayo sava haikuomba ikaushwe.

Ila usikurupuke ukaipandisha mpaka 27 leo leo. Ushauri wangu kwa hapa kwetu ni 24 au 25, kwasababu umeme ukikatika UPS nyingi zinabeba sava tu, AC inasubiri jenereta, na chumba kidogo kinapanda joto ndani ya dakika chache, kwahiyo acha akiba kidogo. Panda nyuzi moja kila wiki, na joto lipimwe mbele ya raki, yaani lile kabati la kupangia sava, pale juu kabisa ambapo hewa ya moto inajikusanya, sio ukutani karibu na mlango.

Kabla hata ya rimoti, angalia raki yenyewe. Sava inavuta hewa mbele na kuitapika nyuma ikiwa ya moto. Kama kati ya sava na sava kuna nafasi tupu, ile hewa ya nyuma inapita humo humo inarudi mbele, sava inavuta joto lake yenyewe, feni zinakimbia, AC inahangaika, watu wanasema chumba kidogo tununue AC ya tatu. Ziba zile nafasi na vibati vyake, hata plastiki ngumu isiyoshika moto itasaidia, toa maboksi ya printa yaliyoachwa humo, funga matundu ya dari. Hii ndo hela rahisi kuliko zote kwenye makala hii na ndo watu wanaidharau.

Na nje je? Majengo mengi ya Kariakoo na katikati ya mji yamepanga mashine za nje za AC kwenye kabaraza kamoja, zote zinapuliziana joto, ya juu inavuta hewa moto ya chini. Ukiwa karibu na bahari ongeza na chumvi inayokula mapezi yake. Zioshwe mara kwa mara na zipewe nafasi ya kupumua, vinginevyo hata uweke rimoti ngapi haisaidii. Wale wa kusema tufungue madirisha usiku kama wazungu, hapana, kule Luleå, Sweden, Facebook wanapozesha sava kwa hewa ya nje kwasababu ni baridi, usiku wa Februari hapa hata wewe mwenyewe hulali.

Baada ya hapo njoo kwenye sava. Barroso na Hölzle wa Google waliandika mwaka 2007 kwamba sava zao muda mwingi zinatumika kati ya asilimia 10 na 50 tu ya uwezo, na sava iliyokaa bure bado inakula kama nusu ya umeme wake wa juu. Kwahiyo sava tano zinazosinzia ni bora zihamishiwe kwenye moja au mbili kama mashine pepe, yaani sava za kiprogramu kadhaa zinazoishi ndani ya sava moja ya kweli. Ile ya zamani ambayo kila mtu anaogopa kuizima, chukua bekapu, chomoa kebo ya netiweki tu, subiri ipite mwisho wa mwezi na kipindi cha ritani za TRA, asipopiga simu mtu, zima.

Kompyuta za mezani nazo, kwa kifupi: skrini seva haiokoi chochote, weka zilale zenyewe baada ya dakika 15.

Na mkiamua kuhamishia sava kwenye kituo cha data, waulizeni PUE ya mwaka mzima iliyopimwa, sio ya kwenye michoro. Halafu mkishahama mrudi kwenye kile kachumba, maana mara nyingi kinabaki na swichi mbili na ruta huku AC ya BTU 24,000 bado inawaka, wakati korido ikiwa na AC, feni ya kutolea hewa inatosha kabisa.