Maana ya umahiri wa dakika za lala salama katika mpira wa kikapu

Umahiri wa dakika za lala salama ni uwezo wa mchezaji kutumia stadi zake za kila siku, yaani kutupa, kutoa pasi, kukaba na kufanya uamuzi, katika muda ambao kosa moja linaweza kuigharimu timu mchezo mzima. Ligi ya NBA ya Marekani imeuwekea muda huo mipaka katika takwimu zake: ni dakika 5 za mwisho za robo ya nne, au muda wa nyongeza, pale tofauti ya timu mbili isipozidi pointi 5.

Mchezo hubadilika sana katika dakika hizo. Kasi hupungua kwa kuwa kila timu huulinda mpira, wakabaji husogea karibu zaidi, na mara nyingi nyota mmoja huandamwa na watu wawili. Anayetegemea mashambulizi ya kushtukiza hukosa mianya aliyoizoea, ilhali anayeweza kumhadaa mkabaji wake na kujitengenezea nafasi, tena asiyeyumba kwenye mitupo huru, thamani yake hupanda. Ndiyo maana mfungaji bora wa msimu si lazima awe ndiye anayestahili kukabidhiwa mpira wa mwisho.

Kosa linalofanywa sana katika kulinganisha nyota ni kuhesabu mitupo ya ushindi peke yake. Tazama mchezo wa 7 wa fainali za 2016 kati ya Cleveland Cavaliers na Golden State Warriors. Matokeo yakiwa 89 kwa 89, zikiwa zimebaki chini ya dakika 2, Andre Iguodala wa Warriors alikimbilia kikapu akiwa na nafasi nzuri ya kufunga. LeBron James wa Cavaliers akatokea nyuma yake, akaruka na kuupangua mpira ukagonga ubao. Baadaye, zikiwa zimesalia sekunde 53, Kyrie Irving, mwenzake James, alisimama mbele ya Stephen Curry wa Warriors, akasogea kulia na kufunga pointi 3. Cleveland ilishinda 93 kwa 89. Orodha ya wafungaji humtukuza Irving, na anastahili, lakini bila ule upanguaji wa James huenda angetupa timu yake ikiwa nyuma.

Asilimia za ufungaji nazo zahitaji uangalifu. Dakika za aina hii ni chache katika msimu mmoja, kwa hiyo mitupo michache tu iliyoingia au kukosa hubadilisha kabisa sura ya mchezaji. Binafsi naona ulinganisho wa haki hutazama misimu kadhaa pamoja na michezo ya mtoano, hupima idadi ya mipira iliyopotezwa, na huuliza ugumu wa mitupo yenyewe. Tangu msimu wa 2022–23 NBA hutoa tuzo maalumu kwa mchezaji bora wa dakika hizi. De'Aaron Fox alikuwa wa kwanza kuipata, akafuatiwa na Curry.

Uamuzi ndio stadi inayosahaulika zaidi. Katika mchezo wa 6 wa fainali za 1997, timu zikiwa sare ya 86, John Stockton wa Utah Jazz alimwacha Steve Kerr ili akasaidie kumkaba Michael Jordan. Jordan hakulazimisha mtupo: alimpasia Kerr, naye akafunga kikapu kilichoipa Chicago Bulls uongozi zikiwa zimebaki sekunde 5.