Mkate wa Dukani Katika Chapa ya Mtawa

Watu wengi wakisimama mbele ya bango la Corita Kent, mtawa na msanii wa Marekani, huniuliza swali lilelile: hii ni kazi yenyewe au ni nakala? Swali hilo nalipenda, maana jibu lake limo katika ufundi wake, yaani kuchapa picha kwa kupitisha wino kwenye kitambaa.

Kitambaa chembamba, zamani cha hariri, huwambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Pale pasipotakiwa kupita wino huzibwa. Karatasi hulazwa chini, wino mzito humwagwa juu, kisha huvutwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Mkono ukisita, alama ya kusita hubaki kwenye karatasi. Kila rangi ina zamu yake: moja ikauke ndipo nyingine ifuate. Kwa hiyo hakuna "picha mama" iliyofichwa mahali. Kila karatasi iliyopita chini ya fremu ile ni kazi yenyewe.

Corita alizaliwa Fort Dodge, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1918. Akiwa na miaka 18 aliingia shirika la masista wa Moyo Safi wa Maria, Los Angeles, na baadaye akafundisha sanaa katika chuo chao. Mwaka 1962 msanii Andy Warhol alionyesha michoro yake 32 ya makopo ya supu ya Campbell's katika mji huohuo. Sista Corita alikwenda kuitazama.

Mwaka uleule alichapa "wonderbread". Isogelee. Ni madoa 12 ya duara lisilotimia, mekundu, ya buluu na ya manjano, kama yale ya karatasi ya kufungia mkate wa Wonder Bread, uliotangazwa kwamba hujenga mwili kwa njia 12. Neno halimo hata moja. Lakini mkate mbele ya macho ya mtawa ni ekaristi pia, mkate mtakatifu wa misa, na yale madoa ukiyatazama kwa utulivu yanageuka hostia, vile vipande vyembamba vya duara vya mkate huo. Kwangu mimi hapa ndipo anapompita Warhol: kopo la Warhol linabaki kopo, mkate wa Corita unalisha.

Wanafunzi wake aliwapa kipande cha karatasi ngumu chenye tundu, wachungulie mabango ya barabarani na bidhaa za dukani kidogo kidogo. Jaribu na wewe. Herufi uliyoizoea itakushangaza.

Chapa zake nyingi hakuziwekea namba wala kikomo, kwa makusudi, ili ziuzwe kwa bei nafuu na zifike kwa watu wa kawaida. Aliacha utawa mwaka 1968 akahamia Boston. Mwaka 1985, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, posta ya Marekani ilitoa stempu yake ya senti 22: mistari michache ya rangi na neno "Love", yaani upendo. Ziliuzwa zaidi ya milioni 700, zikabandikwa kwenye barua.