Hasheem Thabeet na namba 2: yanayosemwa na yaliyotokea

Kila mwezi Juni, drafti ya NBA (siku timu za ligi ya kikapu ya Marekani zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) ikikaribia, jina la Hasheem Thabeet hurudi kwenye orodha za wachezaji waliochaguliwa juu wakashindwa kung'ara. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchukua kijana huyu wa Dar es Salaam akiwa wa pili, nyuma ya Blake Griffin tu. Baada yake wakaitwa James Harden (wa 3), Stephen Curry (wa 7) na DeMar DeRozan (wa 9), wote waliokuja kuwa nyota. Thabeet alicheza michezo 224 ya NBA kwa wastani wa pointi 2.2. Hayo hayana ubishi. Ila mengi yanayoongezwa juu yake si kweli, na Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile anastahili kuhukumiwa kwa haki.

Dhana: Memphis ndio waliomwacha Curry kwa ajili ya Thabeet.

Curry alipitwa na timu kadhaa. Minnesota walikuwa na namba 5 na namba 6, tena walikuwa wanatafuta magadi (wachezaji wepesi wanaoongoza mpira, kama Curry), wakawachukua Ricky Rubio na Jonny Flynn. Memphis wao magadi walikuwa nao: Mike Conley, aliyechaguliwa wa 4 mwaka 2007, na O.J. Mayo, wa 3 mwaka 2008.

Swali gumu kwa Memphis ni jingine kabisa. Kwenye nafasi ya Thabeet, senta, yaani mchezaji mrefu wa chini ya goli, tayari walikuwa na Marc Gasol, Mhispania aliyechaguliwa wa 48 mwaka 2007. Mwaka 2013 Gasol huyo alitangazwa mlinzi bora wa NBA nzima. Mwezi mmoja tu baada ya drafti ya 2009 wakamleta na Zach Randolph, mchezaji mwingine wa karibu na goli. Sasa senta kijana anayehitaji kucheza ili ajifunze angepata wapi dakika? Msimu wake wa kwanza alipata kama 13 kwa mchezo. Namba 2 hakujipa mwenyewe. Uamuzi ulikuwa wa klabu, na lawama nyingi zianzie huko.

Dhana: alichukuliwa kwa urefu tu.

Ni kweli ana mita 2.21. Lakini msimu wake wa mwisho Chuo Kikuu cha Connecticut alikuwa na wastani wa pointi 13.6, rebaundi 10.8 (mipira iliyokosa goli akaidaka) na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Alikuwa mlinzi bora wa ligi ya vyuo ya Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na mwaka huo wa pili akagawana tuzo ya mchezaji bora na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Connecticut wakaingia nne bora ya vyuo vya taifa zima.

Hapa ndipo pa kutulia, kwa sababu sifa hizo za kweli zilificha tatizo. Kwenye kikapu cha vyuo Marekani, mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya goli muda wote anaotaka. NBA wana sheria, tangu 2001, kwamba mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu hawezi kukaa ndani ya eneo lililopakwa rangi zaidi ya sekunde tatu. Thabeet aliyeng'ara Connecticut alikuwa analinda goli akiwa amejipanga pale pale. Kule NBA akalazimishwa kutoka, kuwafuata wachezaji wepesi mbali na goli, kisha kukimbia kurudi. Kazi ikawa tofauti.

Na dalili nyingine ilionekana mapema. Februari 2009, Connecticut wakiwa namba moja kati ya vyuo vya Marekani, Pittsburgh waliwafunga. Blair, mfupi kuliko Thabeet kwa karibu sentimita 20, aliondoka na pointi 22 na rebaundi 23 kwa kutumia kifua na miguu kumsukuma nje. Thabeet alipata pointi 5. Mechi ile ilionwa na kila mtu, wakiwemo waliomchagua miezi minne baadaye.

Dhana: alikuwa mvivu, alichezea bahati.

Neno hili hurushwa kwa kila mchezaji wa aina yake. Thabeet alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake wa Marekani walishacheza mamia ya mechi. Februari 2010 Memphis walimpeleka ligi ya maendeleo, ile ya chini ya NBA ya kukuza wachezaji, kwenye timu ya Dakota Wizards. Wakati huo hakukuwa na mchezaji aliyechaguliwa juu kama yeye aliyewahi kushushwa huko, ndiyo maana ilitangazwa kama aibu. Kwa maoni yangu alipaswa kupelekwa mapema zaidi na kukaa muda mrefu zaidi.

Greg Oden naye, namba 1 wa 2007 mbele ya Kevin Durant, huwekwa kapu hilo hilo la waliofeli. Magoti yalimwishia. Alicheza michezo 105 tu maisha yake yote ya NBA.

Dhana: ukichagua juu, nyota yupo.

Mwaka 2013 Cleveland walimchukua Anthony Bennett namba 1, na hakung'ara. Giannis Antetokounmpo alikwenda namba 15. Mwaka uliofuata Nikola Jokić akachaguliwa wa 41. Hawa wawili ndio waliokuja kuwa nyota.

Dhana: chaguo la Thabeet liliirudisha Memphis nyuma.

Februari 2011 walimpeleka Houston katika mabadilishano yaliyowaletea Shane Battier. Aprili, mechi ya kwanza ya mtoano dhidi ya San Antonio, zikiwa zimebaki sekunde zisizofika 25, Battier akatupa pointi tatu iliyowapa uongozi. Wakashinda. Ulikuwa ushindi wa kwanza wa mtoano katika historia ya Grizzlies, na mfululizo ule wakaumaliza kwa 4–2.

Dhana: asiyekuwa nyota amepotea.

Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa 7 mwaka 2011, mbele ya Klay Thompson, Kawhi Leonard na Jimmy Butler. Wastani wake wa pointi haujawahi kufika 10 msimu wowote, na kwa hesabu hiyo wengi walishamfuta. Mei 2016, fainali ya kanda ya Mashariki ya NBA, akiwa Toronto, alidaka rebaundi 26 dhidi ya Cleveland ya LeBron James. Miezi miwili baadaye Orlando wakampa mkataba wa miaka minne wa dola milioni 72.