Mkimya na mchangamfu katika ndoa moja: dhana potofu na ukweli

"Tabia zetu haziendani." Vikao vingi vya ushauri wa ndoa huanza kwa maneno hayo. Mke anapenda watu, simu na mialiko. Mume akitoka kazini hataki kusemeshwa. Au kinyume chake. Kabla hawajafika kwa mshauri, wameshaambiwa na shangazi, na mshenga, na mwalimu wa semina ya wachumba kwamba wameumbwa tofauti, basi wavumiliane au waachane. Ushauri huo umevunja ndoa zilizokuwa zinarekebishika kabisa.

Dhana: Mkimya na mwongeaji hawawezi kuelewana

Takwimu hazisemi hivyo. Mwaka 2010 mtafiti Portia Dyrenforth na wenzake walichapisha uchambuzi wa wanandoa wa Australia, Uingereza na Ujerumani, jumla yao zaidi ya watu 20,000. Kufanana kwa tabia kulieleza chini ya asilimia 0.5 ya tofauti za kuridhika kati ya mtu na mtu. Tabia ya mtu mwenyewe ilieleza karibu asilimia 6, na ya mwenzake kati ya asilimia 1 na 3. Kwa hiyo swali la "tunafanana?" ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote, na ndilo watu wanaloliuliza kwanza.

Ugomvi wenyewe upo, sikatai. Ila chanzo chake kiko kwingine. Mwaka 1990 Andrew Christensen na Christopher Heavey, watafiti wa Marekani, waliwapa wanandoa mada mbili za kuzungumza: moja ni jambo ambalo mke alitaka mume abadilishe, nyingine ni jambo ambalo mume alitaka mke abadilishe. Kwenye mada ya mke, mke alifuatilia na mume alikwepa. Kwenye mada ya mume, tofauti hiyo haikuonekana tena. Watu walikuwa wale wale. Anayetaka kitu kibadilike ndiye anayesukuma. Aliyeridhika na hali ilivyo ndiye anayenyamaza.

Ndiyo maana sikubali mtu mzima anaposema "mimi ndivyo nilivyo, siwezi kuongea". Mtu huyo huyo siku akitaka mkewe apunguze michango ya vikoba, au shemeji aliyekuja kwa wiki moja arudi kwao, huongea na kueleweka vizuri sana. Na mchangamfu naye asijifiche nyuma ya "mimi ni muwazi". Kumfuata mtu chumba hadi chumba kwa maneno si uwazi. Kadiri anavyofuata ndivyo mwenzake anavyofunga mlango, na kadiri mlango unavyofungwa ndivyo naye anavyopaza sauti.

Mzunguko huo unakatika kwa utaratibu. Anzeni na muda. Mazungumzo mazito hayafanyiki mlangoni mtu akivua viatu, wala kitandani saa sita usiku, wala mbele ya watoto. Taja mada na saa mapema: "Leo saa mbili na nusu tuongee kuhusu ada." Mkimya akiijua mada saa chache kabla, na akaandika nukta tatu kwenye karatasi, ataongea. Akivamiwa atasema "sawa" ili yaishe, na hiyo "sawa" haitatekelezwa. Wiki mbili baadaye mtagombana upya, safari hii kwa kosa la kuvunja ahadi.

Kisha dakika za mwanzo. Mwaka 1999 watafiti Sybil Carrère na John Gottman walionyesha, kwa wanandoa wapya 124, kwamba dakika 3 za kwanza za mabishano zinatosha kutabiri nani wataachana katika miaka 6 inayofuata. "Umechelewa tena, hunijali wala hujali ndugu zangu" inamweka mtu kizimbani. "Jumamosi nilibaki peke yangu na wageni, ikaniumiza, Jumamosi ijayo nataka uwe nyumbani saa kumi" inampa kitu cha kufanya. Tukio moja, hisia moja, ombi moja. Ukitia "siku zote" au "kamwe", umeshapoteza.

Halafu mwili. Mapigo ya moyo yakipita 100 kwa dakika katikati ya mabishano, uwezo wa kusikiliza unashuka sana. Mkimya aliyekodoa macho ukutani mara nyingi ndani yake moyo unakimbia, hata kama uso umetulia. Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, pale chini ya kidole gumba, kwa sekunde 15. Yakifika 25, simamisheni. Anayeomba mapumziko ataje saa ya kurudi: "Nimejaa. Saa tatu na nusu naendelea." Mapumziko yasipungue dakika 20, maana mwili hautulii kabla ya hapo, na yasivuke siku moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkimya anaondoka bila kutaja saa, na mwenzake anahesabu kwamba ametelekezwa. Au anataja, kisha harudi. Aliyeomba mapumziko ndiye mwenye wajibu wa kuyafungua mazungumzo tena, bila kukumbushwa. Mchangamfu anautumia muda huo kuandika ujumbe wa WhatsApp wenye aya kumi, au kumpigia dada yake. Na wote wawili hukosea wakikaa wakipanga majibu makali: mapigo hayashuki kwa mtu anayeendelea kugombana kichwani. Nenda kaoshe vyombo, tembea, swali.

Mkirudi, kila mmoja aongee dakika 2 bila kukatizwa, na anayesikiliza arudie alichosikia kabla hajajibu. Wachangamfu hulalamika kwamba zoezi hili ni la kitoto. Lifanyeni hivyo hivyo, mada moja kwa kikao, kikao kimoja kwa wiki.

Yote haya hayamhusu mtu anayenyamaza kwa kuogopa kipigo. Huyo si mkimya, ana hofu, na kumfundisha kuongea vizuri zaidi ni kumhatarisha. Kwa Tanzania, aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi.

Dhana: Walio tofauti ndio wanaovutana

Dhana hii ilipewa nguvu na mtafiti Robert Winch, miaka ya 1950, kwa utafiti wa wanandoa 25 tu. Waliojaribu kuurudia baadaye hawakupata alichopata. Wanaooana hufanana zaidi kwa dini, elimu na misimamo; kwa uchangamfu, hufanana kidogo sana au hawafanani kabisa. Ndege wafananao huruka pamoja, ila kinachowaunganisha si wingi wa maneno.

Dhana: Koleriki aoe flegimatiki, sangwini aolewe na melankoliki

Semina nyingi za wachumba makanisani bado zinagawa karatasi zinazowapanga watu katika tabia nne: koleriki (mkali), flegimatiki (mtulivu), sangwini (mchangamfu) na melankoliki (mwenye mawazo mengi). Mgawanyo huo unatokana na tiba ya Kigiriki ya kale, iliyoendelezwa na tabibu Galen katika karne ya 2, iliyoeleza tabia kwa majimaji manne ya mwili: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na kohozi. Tiba iliyokuwa msingi wake ilishaachwa. Vipimo vya tabia vinavyompa mtu herufi nne (MBTI), vilivyotengenezwa na Isabel Briggs Myers na mama yake kutokana na mawazo ya mwanasaikolojia Carl Jung, navyo vina udhaifu unaojulikana: watu wengi wakirudia jaribio baada ya wiki chache hupata herufi tofauti. Usimkatae mchumba kwa karatasi.

Kama unataka kuchunguza tabia kabla ya ndoa, chunguza anavyobeba hasira, wasiwasi na mambo yakiharibika. Watafiti Lowell Kelly na James Conley walichapisha mwaka 1987 matokeo ya kufuatilia jozi 300 za wachumba tangu miaka ya 1930: wepesi wa kuyumba kihisia, wa mume au wa mke, na udhaifu wa mume kujizuia, ndivyo vilivyotabiri ndoa mbaya. Mwone akiwa na njaa, akiwa amekwama foleni, akiwa amedhulumiwa pesa.

Dhana: Mkimya ana siri, mchangamfu ni kiruka njia

"Kimya kingi kina mshindo mkuu" imewaponza watu wasio na hatia. Mkimya anachoka akikaa na watu wengi. Hafichi kitu kwa sababu hiyo. Wala si lazima awe mwenye haya: mwenye haya anataka kuongea ila anaogopa, mkimya amejitosheleza. Mchangamfu kucheka na kila mtu harusini hakusemi lolote kuhusu uaminifu wake.

Dhana: Wakipendana kweli watakwenda pamoja kila mahali

Hapana. Gawanyeni shughuli mwanzoni mwa mwezi. Misiba na harusi za ndugu wa karibu mnakwenda wote. Kicheni pati, sherehe za kazini na mikutano ya ukoo wa mbali anakwenda anayependa. Panapokwenda wote, kubalianeni saa ya kuondoka kabla ya kutoka nyumbani, na iwepo nauli ya pili ili mkimya aweze kutangulia bila kununa na bila kuburuta mwenzake. Akishatangulia, mchangamfu asimpigie simu kila baada ya nusu saa kumuuliza kama amekasirika.