Je, wajua kifaa cha mfukoni kinagunduaje ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe?

Ile mashine ya sukari anayotumia bibi nyumbani, ya kujichoma kidole na kusubiri sekunde chache, ina ndugu zake wanaofanya kazi mazizini. Jina la ukoo wao ni bayosensa, na wote wameundwa kwa sehemu mbili. Kuna mnasaji, aliyetoka kwenye uhai wenyewe: kimeng'enya, kingamwili au kipande cha DNA, kinachoshika kitu kimoja na kuacha vingine vyote vipite. Halafu kuna mpiga mbiu, anayegeuza ule mshiko kuwa umeme kidogo, mwanga au rangi, ili jicho la mtu lipate cha kusoma. Leland Clark na Champ Lyons walilieleza wazo hilo mwaka 1962 nchini Marekani, walipopendekeza kimeng'enya kitumike pamoja na elektrodi, yaani ncha inayopitisha umeme, kupima sukari ya damu.

Ila sukari ni rahisi, imejaa tele katika kila tone. Bakteria hapatikani hivyo. Mchukue Brucella abortus, anayesababisha ugonjwa wa kutupa mimba, au bruselosisi. Ng'ombe anaonekana ana afya, anakula vizuri, kisha mimba inatoka kabla ya siku zake na kondo la nyuma linagoma kushuka. Anayelivuta kondo lile kwa mikono mitupu, au anayekunywa maziwa mabichi ya ng'ombe huyo, naye anaweza kuugua: homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo na mgongo kuuma. Dalili hizo nani asingeziita malaria? Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Waliohesabiwa kuwa na malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Bruselosisi ilikuwemo miongoni mwa homa ambazo hazikutajwa.

Ujanja wa Brucella ni kujificha ndani ya zile zile seli za kinga zilizotumwa kumla. Humo hukaa, akahamia kwenye tezi, kiwele na mji wa mimba. Kwa hiyo tone la damu kutoka kwa ng'ombe mgonjwa huenda lisiwe na bakteria hata mmoja. Kumwotesha maabara huchukua siku, pengine wiki, na fundi wa maabara mwenyewe yuko hatarini kuambukizwa. Kundi la ng'ombe wa wafugaji wa Simanjiro halisubiri majibu; litakuwa limeshahamia malisho mengine.

Ndiyo maana vipimo vingi vya mazizini havimtafuti bakteria. Vinatafuta nyayo zake, yaani kingamwili ambazo mwili wa ng'ombe umetengeneza ili kumshambulia. Kingamwili hizo hulenga hasa minyororo ya sukari iliyouvika mwili wa Brucella kama manyoya. Ukiwa na minyororo hiyo mkononi, unao mtego.

Mtego wa kizamani bado unafanya kazi, na sioni aibu kuusifu. Unaitwa Rose Bengal: tone la seramu ya ng'ombe (maji ya damu yanayobaki seli zikitolewa) na tone la bakteria waliouawa na kutiwa rangi ya waridi, pamoja kwenye kibao cheupe. Unachanganya kwa kijiti, unakitikisa kibao taratibu kwa dakika 4. Ng'ombe akiwa hana kingamwili, tone linabaki laini kama juisi. Akiwa nazo, zinawakamata bakteria wale na kuwafunga pamoja, na unaona chembechembe za waridi zikijikusanya kama maziwa yaliyokatika. Shida yake ni kwamba lazima kwanza uitenge seramu na damu, na ile chupa ya rangi inataka ubaridi.

Kadi ya plastiki, inayofanana na kipimo cha mimba cha duka la dawa, inapunguza kazi hiyo. Unadondosha damu kwenye tundu, unaongeza matone ya maji yake maalumu, na unyevu unapanda karatasi kama mafuta ya taa kwenye utambi. Njiani unakutana na chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba hazing'ai manjano tena bali zinaonekana nyekundu. Chembe hizo hudandia kingamwili. Mbele kuna mstari usioonekana, uliochorwa kwa ile minyororo ya sukari. Kingamwili za Brucella zikifika hapo zinanaswa pamoja na dhahabu iliyozidandia, na mstari mwekundu unajichora mbele ya macho yako. Mstari wa pili, wa juu, lazima utokee kwa kila ng'ombe, awe mgonjwa au mzima. Usipotokea, kadi imeharibika, itupe. Kadi iliyoshinda juani ndani ya mkoba wa pikipiki inaweza kukusaliti, kwa kuwa kinachozishikisha chembe za dhahabu na kingamwili ni protini, na protini haipendi joto.

Ninachokipenda zaidi lakini ni kipimo kilichobuniwa na Klaus Nielsen na wenzake nchini Kanada miaka ya 1990, ambacho leo kina mashine ndogo za kubebeka. Kipande kidogo cha mnyororo wa sukari hutiwa rangi inayowaka, kisha huachwa kielee kwenye majimaji yenye seramu. Kikiwa peke yake kinazunguka kasi, kama mtoto anayejipindua uwanjani. Kingamwili ikikishika, ni kama mtoto yule amebebeshwa gunia la mahindi: anazunguka polepole. Mashine inakimulika na kuusoma mwendo huo kwa jinsi mwanga unavyorudi. Hakuna kuosha wala mstari wa kubishania kama umetokea au ni macho tu. Unapata namba.

Hata hivyo, namba si hukumu. Tuseme una ng'ombe 1,000, na 20 kati yao ni wagonjwa. Kipimo chako kinapatia mara 95 kwa 100, kwa wagonjwa na kwa wazima. Kitawanasa wagonjwa 19. Lakini kati ya wazima 980, kitawasingizia 49. Mbele yako wamesimama ng'ombe 68 walioambiwa ni wagonjwa, na 49 kati yao hawana lolote. Ukiwapeleka wote machinjioni umejifilisi bure. Wanaotokea wagonjwa hutengwa, wakapimwa tena kwa kipimo kinachofanya kazi kwa njia tofauti. Wapo pia bakteria wanaosababisha usingiziaji huo: Yersinia enterocolitica wa kundi O:9 anavaa minyororo ya sukari inayofanana mno na ya Brucella, na kadi haina namna ya kujua nani ni nani.

Chanjo nayo inaleta utata. S19, chanjo ya zamani, ni Brucella aliye hai aliyedhoofika, mwenye minyororo ile ile. Ndiyo sababu hupewa ndama jike wa miezi 3 hadi 6, ili kingamwili zififie kabla hawajawa mitamba wa kupimwa. Marekani ilianza kutumia chanjo nyingine, RB51, mwaka 1996. Brucella wa chanjo hii amepoteza minyororo yake kabisa, kwa hiyo ng'ombe aliyechanjwa hapigiwi kelele na vipimo hivi. Suluhisho safi, au lilionekana hivyo. Mwaka 2017 mtu mmoja wa Texas alikunywa maziwa mabichi ya ng'ombe akaugua bruselosisi, na aliyemwambukiza alikuwa RB51 mwenyewe. Vipimo vya kawaida vya kingamwili haviwezi kumwona kwa binadamu, kama visivyomwona kwa ng'ombe. Kilichomfichua ni ile njia ya polepole ya kumwotesha kutoka kwenye damu.