Mhusika wako si lazima ashike upanga

Wengi wanaoanza kucheza Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa hadithi kwa kurusha dadu, hata huku kwetu Tanga, huamini kwamba mhusika wa kufaa ni askari wa upanga au mchawi wa fimbo. Ukimleta bibi msusi wa ukili, wanaona utawaangusha wenzako. Inaeleweka, michoro ya mchezo huo imejaa mapanga.

Sheria zenyewe zinasema vingine. Vijitabu vya kwanza, vya mwaka 1974, viliruhusu mchezaji awe karibu kiumbe chochote, hata joka, ilimradi aanze akiwa dhaifu: joka mchanga, akue taratibu.

Tumchukue bibi yetu wa Ngamiani, hapa Tanga, kwa sheria za toleo la tano. Nguvu zake ni 8, kwa hiyo akivuta kamba anapunguziwa 1 kwenye namba ya dadu. Busara yake ni 16, anaongezewa 3. Na kwa kuwa miaka yote amesoma nyuso za wateja, anapata 2 zaidi. Mlinzi wa lango anadanganya, na msimulizi, yule anayeongoza mchezo, ameweka kiwango cha kumgundua kuwa 15. Bibi anarusha dadu ya pande 20, inaangukia 11. Ongeza 3 na 2, jumla 16: mlinzi kaumbuka. Upanga ungesaidia nini hapo?

Kinacholiangusha kundi, kwa uzoefu wangu, ni mhusika asiyetaka kushirikiana, awe wa ajabu au wa kawaida.

Kuhakikisha ni rahisi. Sheria za msingi za toleo hilo zinapatikana bure mtandaoni. Soma sehemu ya sifa za mhusika, kisha mrushie wako dadu mara kumi kabla hamjakaa mkekani.