Jetiski ya Zamani Haiwaki? Usikimbilie Betri Mpya, na Swichi ya Kamba Usiiunge Daireki

Tangu kampeni ya ukaguzi wa jetiski za zamani ianze, malalamiko yanayofika mezani kwetu yanafanana: "Nimenunua betri mpya, bado inasumbua, na ninyi mmenifelisha." Hasira tunaielewa. Lakini tukifungua kiti tunakuta mambo mawili yanafuatana. Mwenye chombo amebadilisha betri isiyo na kosa, kisha fundi wa haraka amekata au kuunga daireki waya za swichi ya kamba, ile inayozima injini pale kamba aliyofungwa mwendeshaji inapochomoka, ili injini iwake. La kwanza ni hasara yako mwenyewe. La pili ni kosa.

Kabla hujagusa mita ya kupimia umeme, fungua kiti, acha sehemu ya injini ipate hewa, unuse. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutuama chini kabisa ya bodi, jirani na betri na stata (mota ya kuwashia injini). Ukisikia harufu, usibonyeze kitufe wala usifungue waya wa betri. Tafuta kwanza panapovuja. Unapofungua betri anza na hasi, na unapoirudisha hasi iwe ya mwisho.

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikiwa chini ya 12.4, ichaji ndipo uanze kutafuta ugonjwa. Ila namba ya betri iliyotulia haitoshi, na hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Weka mita kwenye nguzo za betri, mwenzako abonyeze kitufe cha kuwashia. Betri iliyochajiwa ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ishuku. Ikibaki kwenye 12 na ukasikia "tak" tu, basi umeme upo, haufiki kwenye stata. Betri mpya haitabadilisha chochote hapo.

Umeme unazuiwa wapi? Kwenye jetiski iliyokaa na maji ya chumvi miaka mingi, anza kushuku waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini. Kwa nje unaonekana mzima, boliti imekaza. Menya ganda sentimita chache karibu na kichwa chake uone: shaba imekuwa nyeusi, ina unga wa kijani, na nyuzi zinakatika ukizikunja kwa kidole. Huna haja ya kumenya kila waya, mita inatosha. Weka ncha moja kwenye nguzo yenyewe ya hasi, si kwenye kibanio chake, na nyingine kwenye chuma safi cha injini, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia. Mita isizidi sehemu chache za kumi za volti. Ukiona volti moja nzima imepotea njiani, mgonjwa umempata. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi kwenye rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye stata), halafu kuvuka rilei, halafu hadi kwenye stata. Palipo na upotevu mkubwa ndipo pa kusafisha au kubadilisha.

Kama umechomoa nyaya za plagi, zifunge kwenye sehemu ya chuma iliyotengwa kwa kazi hiyo. Cheche ikikosa pa kwenda inaweza kuua kisanduku cha CDI (kinachotengeneza cheche za plagi), na ikiruka ovyo inawasha mvuke.

Injini ikiwaka, pima chaji: ukiongeza moto kidogo, betri isome takriban 13.5 hadi 14.5. Ikikaa 12 na kuendelea kushuka, angalia viungio vya waya za kichaji na rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa injini uweze kuchaji betri) kabla ya kuhukumu kifaa. Usichomoe betri injini ikiwa inaunguruma eti "kupima kama inachaji". Huo ni mtindo wa kizamani unaounguza vifaa. Ukipima nchi kavu kwa mpira wa maji, kwenye jetiski nyingi za zamani unawasha injini kwanza ndipo ufungue maji, na unafunga maji kabla ya kuzima. Ukigeuza utaratibu, maji yanaweza kuingia kwenye silinda.

Fyuzi inayokatika inakuambia kuna shoti. Kuweka kubwa zaidi ni kuhamishia moto kwenye waya. Na stata ya gari, hata ikikaa vizuri, haikutengenezwa kuzuia cheche isifike kwenye mvuke. Hatuipitishi, na tafadhali msibishane na mkaguzi kuhusu hilo.

Sasa swichi ya kamba. Katika jetiski nyingi za zamani swichi hii inazima injini kwa kuipeleka cheche kwenye hasi. Maji yakiingia ndani yake, inafanya hivyo muda wote, nayo injini haipati cheche. Ukikata waya wake inawaka vizuri kabisa, ndiyo maana mafundi wanapenda njia hiyo. Ukianguka, haizimiki. Mtu anabaki majini na chombo kinakwenda peke yake kwa moto kilioachiwa.

Tunaambiwa tumezidisha ukali. Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya shirikisho inamtaka mwendeshaji wa chombo cha chini ya futi 26 chenye swichi hiyo aitumie akiwa kasini, na adhabu hufikia dola 100 kosa la kwanza, 250 la pili, 500 la tatu. Kwetu, mkaguzi akikuta waya umekatwa au umeungwa, anaandika notisi ya kasoro, chombo kinazuiwa kuingia majini, na notisi haifutwi kwa maelezo ya simu wala picha ya swichi mpya. Chombo kikikutwa majini kabla ya kukaguliwa upya, hilo ni kosa jingine tofauti, hata kama swichi imeshatengenezwa.

Unapoleta chombo kwa ukaguzi wa marudio, njoo na notisi, kamba yenyewe, na kiti kikiwa kinafunguka. Mkaguzi atawasha, atachomoa kamba, na injini izime hapo hapo. Atarudia kwa kitufe cha kuzimia, kisha atajaribu kuwasha bila kamba. Wanaokuja bila kamba wanarudishwa kupanga siku nyingine.